Jina Lililofutwa kwa Wino

Ernestine alivaa miwani, akafungua faili alilotumiwa na serikali baada ya kuliomba miaka minne.

Zamani, pale Oakland, Marekani, yeye na kaka yake walikuwa wanachama wa Chui Weusi, chama kilichopigania haki za watu weusi. Kila asubuhi waliwapikia watoto wa mtaa kanisani. Kisha polisi wakaanza kuwavamia wakijua kila kitu. Wenzao wakafungwa, chama kikasambaratika, na watu wakanong'ona kwamba kaka yake ndiye aliyewauza. Aliapa si yeye, lakini Ernestine hakumtetea. Hawakusemeshana miaka arobaini.

Jina la mpelelezi wa polisi aliyejifanya mwenzao lilikuwa limefutwa kwa wino mzito mweusi. Chini yake mpelelezi huyo alikuwa ameandika: "Leo kaka wa mpishi Ernestine alileta trei tatu za mayai. Nilimuuliza silaha ziko wapi. Akanicheka, akaniambia nimenye viazi."

Ernestine aliusoma mstari huo mara tatu, kidole kikifuata kila neno. Akapiga namba ya kaka yake, ambayo hakuwahi kuipiga.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi dada yako. Nimesoma faili. Kumbe si wewe."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Nisamehe."

"Acha kulia basi. Unakaa wapi siku hizi?"

Nyuma ya sauti yake, Ernestine alisikia funguo za gari zikichukuliwa mezani.