Chumba cha Matari

“Toka humo, Mwanarusi!”

“Shikamoo, Mzee Chirau. Sitoki.”

Mzee Chirau, mwenyekiti wa kamati ya shule, alitaka kuingia na bakora yake. Pazia la mlangoni likashikwa kwa ndani.

“Sema hapo hapo nje, mzee wangu. Nakusikia.”

Zamani Mwanarusi hakuwa na maneno. Alikuwa mfagiaji wa ile shule ndogo nyuma ya Msambweni, mwanamke wa kuinama na fagio lake na kuitikia “labeka”. Chumba hicho cha mwisho, chenye ua wa makuti kwa nyuma, ndimo alimokuwa akiishi Mwalimu Tembo, na humo humo akiwafunza watoto nyimbo. Tembo alipofariki, kamati ilikata shauri chumba kiwe ghala la majembe ya shamba la shule. Lakini wanaume waliporudi kutoka kuzika, walimkuta Mwanarusi ameshaingia. Tangu siku hiyo hakuonekana nje.

Hakukaa bure. Watoto walimletea chokaa, akapaka kuta mpaka zikang'aa. Alitandika majamvi ukuta hadi ukuta, asikae mtoto vumbini. Matari yaliyokuwa yametundikwa juu aliyashusha usawa wa kifua cha mtoto wa darasa la kwanza, maana kitu cha kuombwa kwa mkubwa hakizoeleki. Kayamba alizitia kapuni karibu na mlango, anayeingia ajichukulie. Mwenye haya alikalishwa karibu naye na kupewa tari kubwa kuliko yote.

Asubuhi moja wasichana walimletea vikuba vya asumini. Alivitundika dirishani, asijitie hata ua moja kichwani.

“Kwani hupendi kunukia, Bi Mwanarusi?”

“Napenda, mwanangu. Haya, semeni Bismillahi, tuanze.”

Sauti zao zilifika barabarani. Waliozoea kutoroka shule wakawa wanafika kabla ya kengele.

Mzee Chirau alirudi mara ya pili, na ya tatu.

“Fagio limekuwa mwalimu! Kesho ndoo itasomesha hesabu!”

Ndani watoto wakaangua kicheko. Mwanarusi akawakemea. “Mkubwa hachekwi.” Kisha akapaza sauti. “Nimekusikia, mzee wangu. Sitoki.”

“Kiburi hiki umekitoa wapi? Chumba si chako, na marehemu hakuwa ndugu yako!”

“Kweli, hakuwa ndugu yangu. Hata hivyo sitoki.”

Mkaguzi wa shule alikuwa aje kutoka Kwale baada ya wiki mbili. Atakachokikuta ni darasa kitaandikwa darasa. Atakachokikuta ni ghala kitabaki ghala daima. Mzee Chirau alilijua hilo. Mwanarusi pia alilijua.

Basi Ijumaa baada ya swala mzee akaja na vijana wanne wa kung'oa mlango. Alikuja pia na Sheikh Abdulkadir, aliyemwita kutoka Kibuyuni, ili neno la dini litangulie nguvu. Ndani nyimbo zilikatika. Watoto walijibanza ukutani, matari vifuani.

“Pigeni,” Mwanarusi aliwaambia. “Nani kawaambia muache?”

Wakapiga.

“Umesikia ukaidi huo, Sheikh?” Mzee Chirau aligonga bakora chini. “Tuambie basi, dini inasemaje juu ya mwanamke anayeng'ang'ania chumba cha mwanamume?”

Sheikh alisogea karibu na pazia, akainamisha macho.

“Mwanarusi, zimebaki siku ngapi?”

“Kumi na tisa, Sheikh.”

Sheikh akageuka, akakaa kizingitini, mgongo wake mlangoni, uso kwa wale vijana wanne.

“Rudini makwenu,” alisema. “Tembo na Mwanarusi niliwaozesha mimi, kwa siri, na mjane aliye edani hatolewi nyumbani kwa mumewe mpaka siku zake zitimie.”