Nafasi ya Waya

Kazi ya Waya ilikuwa imetangazwa, na Waya mwenyewe bado ameikalia.

"Anatafutwa fundi wa mtandao. Aanze mara moja." Ukurasa uliokuwa kwenye kompyuta yake ulikuwa wa ofisi yao, na fundi wa mtandao ofisi nzima alikuwa yeye peke yake.

Dada wa mapokezi alimwinamia. "Kaka Waya, kumbe na wewe umeliona?"

"Nimeona nini?"

"Aa, hamna." Akarudi mezani kwake mbiombio, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Hata kiti chenyewe kilikuwa hakijapata joto! Na alivyoisotea kazi hii, mpaka mama mkwe akambandika jina la Mlinzi wa Kochi. Siku ya usaili walimtaka aunde proksi mbele ya macho yao: seva ya Linux ambayo kompyuta zote za ofisi hupitia kwenda mtandaoni, inayotunza nakala za kurasa ili anayezitaka tena apewe palepale. Waya aliiunda huku akipiga mluzi, akaijaribu kwa ukurasa wa ofisi, kisha akaiamuru isihangaike kurudi nje kufuata kitu ilicho nacho tayari.

"Ni kama mama mkwe wangu," aliwaambia. "Mweleze jambo mara moja, atawahadithia watu wote bila kurudi kukuuliza."

Mkurugenzi alicheka hadi akakohoa, akampa kazi hapohapo. Kumbe kilikuwa kicheko cha mamba!

Jioni Waya alimmwagia mkewe yote. Mke akafungua ukurasa ule kwenye simu yake.

"Mbona tangazo halipo? Ila hebu njoo uone hii…"

"Sitaki kuona! Wameshalitoa. Mchana wanaweka, jioni wanatoa. Wajanja hao!"

"Ili iweje, mume wangu?"

"Ili nikikusimulia, unione kichaa."

"Hapo wamefaulu."

Asubuhi tangazo lilikuwa limerudi, nukta kwa nukta. Mhasibu alimpigapiga bega, "Pole, ndugu yangu," kabla hata ya salamu. Mfagizi akauliza kama kile kiti chenye magurudumu atakiacha.

Damu ikamchemka. Akaingia kwa mkurugenzi bila hodi, akabwaga mezani funguo za chumba cha seva.

"Mnafiki mkubwa wewe! Unanichekea usoni, kumbe unanitafutia mrithi! Basi sifukuzwi, naacha mwenyewe. Na hawa wote mashahidi!"

Mlangoni ofisi nzima ilikuwa imeshajaa, shingo juu ya shingo.

Mkurugenzi, ambaye kompyuta yake kazi yake ilikuwa kuegemeza kalenda, alitoa simu mfukoni. Kwa bando lake mwenyewe, akafungua ukurasa wa ofisi. Akautazama. Akamgeuzia Waya.

Hapakuwa na tangazo lolote. Palikuwa na picha ya Waya, meno yote nje, na chini yake: "Tunamkaribisha fundi wetu mpya."

"Lakini kwenye kompyuta zetu tangazo lipo," dada wa mapokezi alinong'ona. "Toka siku ya usaili halijabanduka."

Waya akamkumbuka mama mkwe.

"Picha tutaitoa leo," mkurugenzi alisema, akizivuta funguo upande wake. "Tangazo, naona, ulishatutunzia."