Vijiti vya Kindi

Inasimuliwa kwamba Kindi alifukia kokwa kila mavuno, na kila kiangazi akasahau nusu ya mashimo. Watoto wake watatu hawakushiba, lakini hawakulala njaa, kwa kuwa kila alipofukuafukua ovyo alipata chochote.

Majirani walimcheka mpaka aibu ikampeleka kwa Siafu, aliyefundisha wanyama kupanga mambo yao.

"Kichwa chako hakina ubaya, shida ni fujo," Siafu alimwambia. "Fukia kwa mstari. Kila shimo lichomekee kijiti, na kila jioni upite kukagua."

Kindi alijifunza kwa bidii. Mwaka ule mashimo yake sitini yalinyooka, kila moja na kijiti chake, hata Siafu akawaleta wanafunzi wengine kuyatazama.

Kiangazi kilipoingia, Kindi alivikuta vijiti vyote sitini vimesimama kama alivyovihesabu kila jioni, na chini yake mashimo matupu. Panya Buku alikuwa amepita kijiti kwa kijiti, hakuruka hata kimoja.

Alimwendea Siafu akilia. "Mwalimu, wanangu watakula nini?"

"Pole, mama," Siafu alisema. "Ila mpangilio wako haukuwa na kosa. Panya Buku mwenyewe ameusifu."

"Kwani mnajuana?"

"Ni mwanafunzi wangu, alikuja na wenzake siku ile," Siafu alijibu, na uso ukamchangamka. "Maskini, shida yake ilikuwa moja tu: hakujua aanzie wapi."