Ramani ya Ini la Kweyu

Ini la marehemu Kweyu liling'aa ukutani, kubwa kama mlango, samawati huku, jekundu kule. Watu wa Shauri Moyo walilikodolea macho katika ukumbi wa mtaa, soda za bure mkononi.

"Mtambo wa ng'ambo," Daktari Muturi alisema, "hupiga miale kwenye kipande chembamba cha nyama, hupima uzito wa kila sukari iliyomo, kisha huchora ramani yake."

Shitanda, mhudumu wa chumba cha maiti, aliketi kiti cha nyuma. Mwaka wa tisini na saba daktari huyu alimwamuru amkate Kweyu kipande cha ini. Mjane hakuulizwa. "Maskini anaulizwa nini?" Muturi alisema, akitafuna sambusa pale pale kando ya maiti. Shitanda hajaisahau sambusa ile. Wakubwa walianza na kodi ya kichwa enzi za babu zetu, aliwaza, sasa wamefika kwenye maini.

Kando yake alikaa Nabalayo, mjane mwenyewe, aliyeshuka basi la Bungoma asubuhi hiyo.

"Gazeti limeandika ini la Kweyu liko Ulaya," alinong'ona. "Shemeji zangu wanasema nililiuza. Kwetu mtu hazikwi nusu. Nimepewa mpaka Jumapili: nirudi nalo, ama nihame na watoto wangu."

Shitanda alishtuka. "Mbona hukuja kuniuliza, mama?"

"Wewe si ndiye ulishika kisu? Ningekuuliza nini?"

Kule mbele, Muturi alipandisha sauti. "Hii nyekundu ni sukari ambayo haijapata kuonekana kwa binadamu. Iko kwa wanyama tu. Na sasa tumeipata hapa Eastlands. Ninyi si watu wa kawaida."

"Ametuita wanyama," mzee mmoja akaguna, "na bado tunakunywa soda yake."

Makofi yalipigwa hata hivyo. Nabalayo akajifunga leso kiunoni, akainuka kwenda kumdai daktari ini la mumewe. Shitanda akamshika mkono.

"Keti, mama. Jumapili nitakuja mwenyewe niape mbele ya shemeji zako. Kweyu nilimshona na ini lake lote. Hilo la ukutani nililinunua buchani Soko la Burma, robo kilo, la ng'ombe."