Sura Moja ya Mwisho

Siku hizi mhusika wa riwaya hukaa nyumbani kwa msomaji, sauti tupu, mpaka kitabu kisomwe chote. Binti yangu Zamda amebakiza sura moja, na haigusi. Kwa hiyo Jabali, mhusika wa kitabu hicho, yupo jikoni kwetu tangu mfungo uishe. Anamwita Zamda mjinga, anamkataza kuongea na rafiki zake, na akinuna hasemi kutwa nzima. Zamda hutembea kwa kunyata, utadhani tunauguza.

"Unampendea nini huyu?" nilimuuliza.

"Mama, humjui. Ameumizwa. Mwishoni atabadilika."

"Basi soma huo mwisho."

Akainama. "Na asipobadilika?"

Baba yake nilimsubiri abadilike mpaka nikamzika, na msibani watu wakanisifu kwa uvumilivu.

Jana niliamua kuimaliza ile sura mwenyewe, aondoke. Nilipokishika tu kitabu, Jabali akasema taratibu, "Chai imepoa. Nyumba hii haina mwanamke?"

Hana mdomo wa kunywea chai. Hilo nililikumbuka kitabu nimeshakiweka chini, sufuria iko motoni, nami namwomba radhi.