Injini Yenye Joto

Kibwana alifika asubuhi na mapema makusudi. Pikipiki iliyotumika hukaguliwa ikiwa baridi, maana muuzaji mjanja huiwasha kabla mnunuzi hajaja, ili ubovu usionekane. Akaiwekea injini kiganja. Ilikuwa na joto.

"Mama, hii umeshaiwasha," alisema. "Unanificha nini?"

Mama Sudi aliutazama mlango wa chumba. "Naiwasha kila alfajiri, saa aliyokuwa akitoka mwanangu. Baba yake kumbukumbu zimempotea. Tulipomzika Sudi, makaburini alikuwepo, na kesho yake akaniuliza yuko wapi. Akisikia mngurumo anajua kaenda kazini, anatulia. Sasa mafuta yamenishinda."

Kibwana hakukagua tena mnyororo wala breki. Alilipa bei aliyotajiwa, akaikokota pikipiki kimya kimya hadi nje ya uzio, ndipo akapiga kiki.

Sauti ya mzee ikatoka ndani, imechangamka. "Sudi? Mbona leo umerudi mapema? Ingia basi, baba."

Kibwana alibaki juu ya pikipiki, injini ikinguruma, asithubutu kuizima wala kuondoka. Mama Sudi alikuwa amesimama mlangoni, akimtazama mdomo, akingoja aitikie.