Sabuni ya Nani

Yule mwanaume wa shati jeupe alirudi tena Jumatatu, mara ya tatu, na safari hii alikuja na faili.

Shamsia alimwona tangu kwenye mabucha ya soko la Kasulu. Akavuta kitenge, akafunika sabuni zake za mawese. Leseni hakuwa nayo, biashara haikuwa na hata jina. Alikuwa na pipa la kupikia sabuni uani, na watoto wanne waliokuwa wakisomeshwa na pipa hilo. Mwezi uliopita muuza asali wa meza ya jirani alibebewa madumu yote na watu wa kodi kwa kukosa karatasi.

"Habari, mama. Sabuni ipo?"

"Imebaki kidogo."

Mwanaume akainua kitenge, akachukua kipande, akakinusa. Jamani, mtu gani ananusa sabuni siku tatu? Mnunuzi hununua akaenda zake.

"Anayeitengeneza nani?"

"Mimi naletewa tu, baba."

"Kwa mwezi anaweza kutoa vipande elfu mbili?"

Haya, kodi hiyo inakadiriwa. Shamsia akakirudisha kitenge juu ya sabuni.

"Naomba jina lake, niandike."

Hapo shetani akampitia. Akamkumbuka Zuhra, mke mwenzake wa kijiji cha Kitanga, aliyemchukua mume pamoja na kitanda cha mninga. Mwanamke yule hajui hata kusonga ugali ukaiva.

"Zuhra Gharibu, Kitanga, nyumba ya pili ukishapita msikiti. Elfu mbili ni kidogo kwake, ana hela huyo. Na akikana usimsikilize, ni mwongo."

Mwanaume aliandika yote, akashukuru, akapanda pikipiki yake.

Wiki mbili Shamsia alilala usingizi mzuri. Kila aliyetoka Kitanga alimuuliza habari za huko, akitega sikio asikie Zuhra kafilisiwa. Huruma hakuwa nayo, na hakulificha hilo.

Alhamisi Zuhra mwenyewe akashuka kwenye bodaboda mbele ya meza, na karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Hakuwa na dalili ya kulia.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Wamekufanya nini?"

"Nani? Yule bwana? Ananunulia sabuni wakimbizi wa kambini. Kanisajilia biashara kwa jina langu, leseni kanilipia, mkataba mwaka mzima." Zuhra akavuta ndoo, akaketi bila kukaribishwa. "Sasa natafuta mtu wa kunipikia sabuni. Mshahara tutaelewana."